Bingwa wa Miwani Apanda Winchi

Dokta Upeo alikuwa anapita zake tu, hana hili wala lile, alipochungulia juu ya ukuta wa chuo kimoja cha ufundi akaona jambo lililomsimamisha. Vijana kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, safu mbili, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na ndoo mbili za mchanga zilizochomekwa mipini ya mafagio. Mama mmoja wa makamo, filimbi shingoni, alikuwa anapita katikati yao kama anayekagua gwaride.

"Nyanyua!" akasema, na mipini yote ya kulia ikavutwa nyuma. "Zungusha kushoto. Taratibu! Taratibu, binti, hapo umeshaua watu wawili."

"Samahani, Mwalimu."

"Usiniombe mimi. Kawaombe wafiwa."

Dokta Upeo alimsogelea mlinzi wa getini. "Mzee wangu, shikamoo. Hawa wanafundishwa nini, kupiga makasia?"

"Marahaba. Winchi hizo. Zile ndefu za kwenye maghorofa, zinazonyanyua vyuma."

"Na winchi yenyewe iko wapi?"

Mlinzi akageuka, akaziangalia ndoo, akamwangalia mgeni. "Si ndiyo hizo."

Hapo moyo wa Dokta Upeo ulidunda kwa furaha, kwa sababu chini ya kitanda chake alikuwa na miwani kumi na mbili za uhalisia pepe. Alikuwa amezinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwenye ukumbi wa michezo uliofungwa. Ni zile miwani nene zinazokufunika macho yote mawili. Ukiivaa unajiona uko mahali pengine kabisa, ukigeuza shingo na picha nayo inageuka. Vijana kumi na wawili, miwani kumi na mbili. Mtu mwingine angesema ni bahati. Yeye aliona ni wito.

Ni haki msomaji ajue kwamba hakuwa daktari wa chochote. Udokta alijitunuku mwenyewe akiwa kwenye foleni ya benki, na Upeo alilitoa kwenye bango la kampuni ya bima. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watu mbuzi kwenye gunia. Aliwahi kumuuzia mwenye kisima kifaa cha kutafutia maji, na mwenye upara mafuta ya kuzuia mvi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: malipo nusu kabla ya kazi, nusu baada. Akishapokea ile nusu ya kwanza, anahama mtaa. Kwa hiyo katika miaka ishirini ya utumishi wake uliotukuka hakuwahi hata siku moja kula nusu ya pili. Alikuwa akiisikia tu kwa watu wenye kazi za halali, na moyoni ilimuuma. Sasa umri ulikuwa umekwenda, magoti hayakutaka tena mambo ya kuruka kuta, na alikuwa ameapa kwamba kabla hajastaafu lazima aionje nusu ya pili, walau mara moja.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa yule mama, ambaye chuo kizima kilimwita Bi Mkubwa. Alivaa suti ya kijivu. Begi lake lilikuwa na miwani moja na magazeti ya kulijaza.

"Bi Mkubwa," alianza, "dunia imeacha mambo ya ndoo. Mwanafunzi anavaa hii, yuko juu ya winchi, mita hamsini hewani. Akikosea hafi mtu. Akichoka anavua, anaenda kunywa maji."

Alitarajia kubishiwa. Badala yake Bi Mkubwa aliweka kalamu chini na kumtazama kama mtu aliyeletewa mzigo wake uliopotea.

"Wewe mtu nimekutafuta miezi mitatu," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Nina mfadhili. Nimemwomba aninunulie winchi ndogo ya kujifunzia, iliyotumika, hata ikiwa na kutu. Hataki. Kasoma makala moja kuhusu miwani, sasa kila nikifungua mdomo ananiambia miwani, miwani. Anasema mashine ni ushamba. Mimi mambo haya siyajui, baba. Namhitaji bingwa. Siyo mwanafunzi wa juzi, bingwa hasa, ambaye mfadhili akimwona atasema kweli, huyu ndiye."

Dokta Upeo alijitahidi asitabasamu na akashindwa. Mteja hajui kitu, na nyuma yake kuna mfadhili ambaye ameshajidanganya mwenyewe bila kusaidiwa. Kwa watu wa fani yake hiyo ni sawa na kukuta mlango wazi na chakula mezani.

"Bi Mkubwa," akasema kwa unyenyekevu, "mimi ndiye."

Kulikuwa na kasoro moja. Ndani ya miwani zake hamkuwa na winchi yoyote. Mlikuwa na treni ya kuporomoka milimani na matembezi chini ya bahari. Basi akakodi kamera maalumu, akaenda nyumba moja ya wageni yenye ghorofa tano, akapanga chumba cha juu chenye roshani. Yeye mwenyewe hakusogelea ukingo. Dokta Upeo, jamani, alikuwa akiogopa urefu kiasi kwamba hata taa ya chumbani ikiungua alimwita jirani apande kiti. Alilala kifudifudi sakafuni na kumwelekeza mfagizi wa nyumba ile aishike kamera juu ya ukingo, aizungushe taratibu huku na huku. Mbele ya kamera alifunga miavuli miwili kichwa chini, ili vishikio vyake vionekane kama mitaimbo ya kuendeshea mashine. Kisha akaingiza sauti yake mwenyewe: "Karibu katika winchi ya kisasa. Vuta cha kulia."

Siku ya majaribio Bi Mkubwa aliivaa, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia.

"Mbona huku chini pameanikwa nguo?"

"Za wafanyakazi. Ujenzi una jasho."

"Na hili gauni la maua?"

"Ujenzi wa siku hizi, Bi Mkubwa, akina mama wamo."

"Ni kweli," akasema Bi Mkubwa, na akaandika kitu kwenye daftari lake.

Wanafunzi nao wakavaa. Kumi na mmoja walivuta miavuli wakafurahi. Wa kumi na mbili, yule binti aliyeua watu wawili, alipiga yowe na kuinua miguu juu ya kiti. "Mwalimu! Papa! Ananijia!" Miwani moja ilikuwa imesahauliwa na bahari yake ndani.

"Hilo ni somo la winchi za bandarini," akasema Dokta Upeo bila kupepesa macho. "Huwa tunalifikia muhula wa pili."

Bi Mkubwa aliinamisha kichwa kwa heshima, akatoa nusu ya kwanza taslimu. Ilikuwa bahasha nene. Kwa desturi, saa hiyo hiyo Dokta Upeo alipaswa kuwa kwenye basi la kwenda mji mwingine. Lakini alikaa. Alikaa kwa sababu Bi Mkubwa alikuwa ametoa na bahasha ya pili, nene vilevile, akaionyesha, akairudisha kwenye droo.

"Hii ni ya Jumapili," akasema. "Mfadhili anakuja. Anataka amwone mtu aliyefundishwa kwa miwani peke yake akipanda winchi ya kweli, ile ya kwenye jengo la nyuma hapa. Jumapili hakuna kazi, wenyewe wameruhusu. Ananyanyua pipa moja la maji, analiweka kwenye duara la chokaa. Basi."

"Vizuri. Mchague kijana mmoja."

"Hawa bado wabichi. Nimemwambia atapanda bingwa."

"Bingwa yupi?"

"Wapo wangapi, Dokta?"

Usiku ule hakulala. Angeweza kukimbia na nusu yake, kama siku zote. Lakini kila akifumba macho aliiona ile droo. Asubuhi akakata shauri, akaenda kumtafuta mwendesha winchi wa lile jengo, kijana mmoja mtulivu aliyeitwa Mwewe kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa huko juu. Alimkuta kwenye genge la chai.

"Mdogo wangu," akamnong'oneza, "Jumapili nina onyesho dogo. Wewe panda mapema, kaa kwenye kiti chako. Mimi nitapanda mbele za watu, nitasimama nyuma yako. Wewe endesha, mimi nipunge mkono. Kutoka chini watu wanaona kofia tu, na kofia zote ni za njano."

Mwewe alikoroga chai muda mrefu. "Nikijulikana kazi sina, kaka."

"Nani atakujua?"

"Unataka nipande tu?"

"Upande tu."

"Basi itakugharimu."

Ilimgharimu robo tatu ya bahasha. Alilipa huku roho ikimuuma, lakini alijifariji kwamba hiyo ni mbegu, mavuno yako kwenye droo. Jambo ambalo hakuuliza, na tapeli mwenzake yeyote angemcheka kwa kutouliza, ni huyo Mwewe alijifunzia wapi kuendesha winchi.

Jumapili watu walikusanyika chini ya lile jengo. Wanafunzi walivaa makoti yenye mistari inayong'aa. Mfadhili alikuwa bwana mwembamba mwenye viatu vipya, na alimshika Dokta Upeo mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Niambie ukweli," akasema. "Kabla ya miwani uliwahi kugusa mashine?"

"Sijawahi, Mheshimiwa. Hata kwa bahati mbaya," akajibu Dokta Upeo, na nadhani hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli aliyoisema mwaka ule.

Walimfunga mkanda wa usalama, wakamvisha kofia ya njano, wakamwonyesha ngazi. Ngazi ya winchi iko ndani ya mnara wa vyuma, wazi pande zote, na unaona kila kitu unachokiacha chini. Alipanda akiwa ameukaza uso. Kituo cha kwanza cha kupumzikia, magoti yakaanza kugongana. Kituo cha tatu, alikumbatia chuma na kukiambia maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa akijiambia, juu kuna Mwewe, juu kuna mtu. Kituo cha sita hakujiambia chochote, alikuwa anahesabu pumzi. Jasho lilimlowesha ile suti aliyokataa kuivua. Hatimaye akasukuma kifuniko cha sakafu kwa kichwa na kuingia kwenye kibanda kilichozungukwa na vioo.

Kulikuwa na kiti, chupa ya chai, mto mdogo wa kukalia na redio ya mkononi iliyokuwa ikikwaruza. Mwewe hakuwepo.

Alimtafuta nyuma ya kiti. Alimtafuta chini ya mto, maana mtu aliyechanganyikiwa hutafuta popote. Kisha akajilazimisha kutazama chini kupitia kioo, na huko, kando ya Bi Mkubwa, akamwona kijana mmoja amesimama na kikombe cha chai. Upepo ukavuma na kibanda kizima kikayumba.

"Mama yangu mzazi!" akasema Dokta Upeo, akaketi sakafuni.

Redio ikaongea. Ilikuwa sauti ya Bi Mkubwa. "Dokta, umefika? Hongera. Anza unapokuwa tayari."

Aliivamia redio, akabonyeza kitufe, akapiga kelele: "Nishusheni! Nishusheni jamani, nakufa!" Lakini redio za aina ile huongea mmoja mmoja. Anayebonyeza kwanza ndiye mwenye zamu, mwingine hata apige kelele hadi koo lipasuke hasikiki. Na Bi Mkubwa alikuwa bado amebonyeza. Mpaka leo Dokta Upeo hajui kama kidole kile kilisahaulika au la.

"Mbona haanzi?" ikasikika sauti ya mfadhili.

"Anajiandaa, Mheshimiwa."

Alipoona hana la kufanya, Dokta Upeo alijikongoja hadi kwenye kiti, akafumba macho, akavuta mtaimbo wa kulia kama sauti yake mwenyewe ilivyokuwa ikiwaelekeza watu. Hakuna kilichotokea. Akavuta wa kushoto. Kimya. Akavuta yote miwili kwa nguvu za mtu anayezama. Hakujua kwamba winchi huwashwa kwa ufunguo, na kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwewe tangu asubuhi. Yeye alidhani ameiharibu, na kwamba sasa itaanguka na yeye ndani. Akaanza kulia. Alilia kweli, kwa sauti, kamasi na yote.

"Anafanya nini?" akauliza mfadhili.

"Kwa hii darubini naona analia, Mheshimiwa. Tazama."

"Lakini huyu si ndiye mwalimu?" akasema mfadhili.

"Ndiye. Hakuna mtu mji huu aliyeivaa miwani kumzidi. Aliitengeneza kwa mkono wake. Pale kwenye kiti cha plastiki anavuta vizuri, anaeleza vizuri, hata mimi alinivutia. Na miwani siikatai, Mheshimiwa. Inamwonyesha mtoto kitufe kiko wapi, nitaiweka darasani. Lakini tumbo halivai miwani. Tumbo linataka lipande lenyewe, liogope lenyewe, mpaka lizoee." Sauti ya Bi Mkubwa ilibadilika, ikawa ya chini. "Hawa watoto kumi na wawili wakitoka kwangu wanakwenda kuning'iniza tani mbili za chuma juu ya vichwa vya watu. Watu wanaopita kwenda sokoni. Mimi usiku silali. Kila nikisikia winchi imeanguka mahali, nauliza kwanza, aliyekuwa juu alisoma wapi? Nimekuomba mashine mara nne. Leo sikuombi tena. Nakuonyesha tu yule pale."

Huko juu Dokta Upeo aliacha kulia. Aibu ilikuwa imemshika, na ilimshika vibaya, maana yeye mwenyewe hupita chini ya winchi ile kila siku akienda kununua mkate. Alielewa sasa kila kitu: ile miezi mitatu ya kutafutwa, lile neno bingwa, ile droo. Miaka ishirini alikuwa akiwachezea watu shere, na mama mmoja mwenye filimbi amemfunga kwenye winchi mchana kweupe na kumweka kwenye maonyesho.

"Iandike," ikasema sauti ya mfadhili. "Barua ya mashine. Nitaisaini hapa hapa. Na mshusheni yule bwana, ananitia huruma."

Mwewe alipanda bila haraka. Alitokeza kichwa kwenye kifuniko, akachukua chupa yake ya chai kwanza.

"Wewe!" Dokta Upeo alimrukia kwa maneno, kwa kuwa mikono ilikuwa imekumbatia kiti. "Nimekulipa! Tulikubaliana upande!"

"Si nimepanda?" akasema Mwewe. "Saa hatukupanga, kaka. Lete mguu. Siyo huo, ule mwingine."

"Mwizi mkubwa! Nirudishie pesa yangu!"

"Nilishampa Mwalimu siku ile ile. Zilikuwa zake, ama?"

"Mwalimu?"

"Mimi nimetoka kwenye ndoo zile zile. Nilipomaliza ndoo, alinipeleka kwa mzee mmoja mwendesha winchi, nikakaa nyuma ya kiti chake mwaka mzima kabla ya kugusa kitu. Sasa shuka, tazama mikono yako tu. Usitazame chini."

Safari ya kushuka ilichukua karibu saa nzima. Njiani, kati ya kituo cha nne na cha tatu, Dokta Upeo aliapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba akigusa ardhi ataacha utapeli, atatafuta kazi ya kushona viatu. Mwewe alimsikia na kumwambia ni wazo zuri, alete mguu.

Alipogusa ardhi aliketi hapo hapo kwenye vumbi. Mfadhili alikuwa ameshaondoka, barua ilikuwa kwenye mkoba wa Bi Mkubwa, na wanafunzi walikuwa wakimtazama kwa huruma. Yule binti alimletea maji kwenye kikombe.

"Pole, Dokta," akasema. "Ni kama na mimi na yule papa."

Bi Mkubwa aliwaaga wanafunzi, kisha akaja kusimama mbele yake. Dokta Upeo alitazama huku na huku akitafuta polisi.

"Miwani zangu?" aliuliza, kwa mazoea tu.

"Zinabaki. Nimesema nitaziweka darasani."

"Na bahasha?"

"Ile robo uliyobaki nayo mfukoni, nayo niachie. Kisha nakuachia uende."

Aliitoa. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

"Mama, nilikuwa nimekudharau," akasema, na alimaanisha. "Nilikuona mtu usiyejua kitu."

"Najua. Ndiyo maana nilikukaribisha." Bi Mkubwa alichutama mbele yake na kupunguza sauti. "Sasa nisikilize. Umetetemeka vizuri sana pale juu. Mtu akiigiza anaonekana. Wewe hukuigiza hata kidogo. Nina mwenzangu ana chuo cha kuwafundisha watu kuzima moto, upande wa pili wa mji. Naye ana mfadhili wake. Naye huyo anataka miwani tu."

Dokta Upeo alimkodolea macho. "Moto?"

"Moto mdogo. Wa nyumba moja. Watakuwepo watu wa kukutoa, hutaungua. Utalipwa, tena malipo halali, na risiti."

Aliviangalia viganja vyake vilivyochubuka kwa vyuma. Kwa mbali Mwewe alikuwa akikunja mkanda wa usalama na kupiga mluzi.

"Nyumba yenyewe," akauliza, "ni ya ghorofa?"

"Hapana. Ya chini."

Dokta Upeo alishusha pumzi, akajipangusa vumbi la suti, akanyoosha mkono ainuliwe.

"Ya chini naweza," akasema.